Tundu ni lilelile, kazi si ileile: kishikwambi gani kinafaa kuwekewa doki?

Ukizunguka Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo ukitafuta kishikwambi, muuzaji atakutajia mambo matatu kabla hujauliza: ukubwa wa kioo, GB za kuhifadhia na betri. Tundu la chini, lile la kuchajia, halitajwi. Kwa mtu anayetaka kuangalia tamthilia kitandani hilo halina shida. Lakini kama unataka ufike ofisini, uchomeke waya mmoja tu na hapohapo upate monita kubwa, kibodi, intaneti ya waya na chaji, basi lile tundu ndilo la kukagua hata kabla ya kuuliza bei. Doki, yaani kile kifaa cha pembeni chenye matundu mengi, hugawa kile kinachotoka tunduni. Kisichotoka, doki haiwezi kukizalisha, hata ingekuwa na matundu kumi na mawili na imeuzwa bei ya kishikwambi chenyewe.

Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kujua. Karibu vishikwambi vyote vinavyouzwa sasa vina Taipu C, kuanzia vya bei ya chini kabisa hadi iPad Pro. Umbo ni moja, waya wa huyu unaingia kwa yule, na ndiyo maana watu wengi wanadhani kazi nayo ni moja.

Kinachopita ndani ya Taipu C

Umbo la Taipu C lilikamilishwa mwaka 2014. Linaweza kubeba vitu vitatu kwa pamoja: umeme, data na picha. Umeme na data utavikuta kwenye kila kishikwambi. Picha ni hiari ya kiwanda, na viwanda vingi vinaiacha kwenye vishikwambi vya bei nafuu.

Data nayo ina madaraja yake. Chini kabisa ni USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde. Juu yake kuna USB 3.2 ya gigabiti 5, halafu ya gigabiti 10, na juu zaidi Thunderbolt ya gigabiti 40. Namba hizi zinaonekana za kitaalamu mpaka siku unayohamisha kazi. Video za harusi za GB 20 kupitia USB 2.0 zinakwenda kama megabaiti 40 kwa sekunde, yaani dakika nane na ushee. Kupitia tundu la gigabiti 5 na diski nzuri ya SSD, hata dakika nzima haiishi. Ukiwa na flashi ya kawaida, hata hivyo, tofauti hiyo hutaiona, kwa sababu flashi yenyewe ndiyo inayovuta miguu.

Upande wa picha, teknolojia inayotumika ni DisplayPort inayopitishwa ndani ya Taipu C. Hab, yaani doki ndogo ya kubebeka, ndiyo inayoigeuza kuwa HDMI. Kishikwambi kisichotoa DisplayPort kikiunganishwa na hab kinafanya kitu kinachochanganya sana. Taa ya hab inawaka. Mshale wa kipanya unatokea kwenye kioo. Flashi inasomeka, chaji inaingia. Kila dalili inasema hab ni nzima, lakini monita imebaki nyeusi. Muuzaji anabadilisha waya wa HDMI, anachukua hab nyingine, anapuliza tundu, anazima na kuwasha. "Bosi, hiyo labda ni setingi tu." Hakuna setingi. Ndani ya kishikwambi hakuna njia ya umeme inayopeleka picha kwenye tundu, na programu haiwezi kuichimba.

Kwa hiyo nikisema hapa chini kishikwambi fulani "kinatoa picha", namaanisha kwa waya, kupitia tundu la Taipu C.

iPad: jina moja, matabaka manne

Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi zaidi, kwa sababu jina iPad linatosha kumtuliza mnunuzi.

iPad ya kawaida ya kizazi cha 9, ya 2021, bado ina tundu la Lightning. Unaweza kupata picha kwa adapta ya Apple ya Lightning kwenda HDMI, na inafanya kazi vizuri kwa projekta ya semina. Ila ni adapta, si doki: kila kitu unachotaka kuongeza kinahitaji adapta yake. Faida yake moja ambayo ndugu zake wapya hawana ni tundu la hedifoni. Waimbaji na wapiga vyombo wanaotumia iPad kuchezea muziki kanisani wanaipenda kwa sababu hiyo, na siwalaumu.

Kizazi cha 10, cha 2022, kililetwa na Taipu C, na watu wakashangilia. Lakini data ndani yake ni USB 2.0. Picha inatoka, hadi 4K kwa mizunguko 30 kwa sekunde, ila ni nakala ya kile kilicho kwenye kioo cha iPad. Monita yako pana ya inchi 24 itaonyesha mstatili wa iPad katikati na pande mbili nyeusi. Kwa kufundishia au kuonyesha slaidi inatosha kabisa. Kwa kufanyia kazi, ukitaka barua pepe kwenye kioo kimoja na jedwali kwenye kingine, haiwezi. iPad ya 2025 yenye chipu ya A16 imebaki na USB 2.0 vilevile.

iPad Air ndiyo inayofungua mlango. Kuanzia ile ya 2022 yenye chipu ya M1, tundu ni la gigabiti 10, na tangu iPadOS 16.2 ya Desemba 2022 monita ya nje inakuwa meza ya pili kweli: unaweka madirisha tofauti huku na kule, unavuta faili kutoka kioo kimoja kwenda kingine. Air ya 2020, iliyotangulia, kwa nje inafanana nayo sana. Ina Taipu C, ina picha, lakini ni nakala tu, na tundu lake ni la gigabiti 5. Ukiuziwa Air iliyotumika, ingia kwenye mipangilio usome namba ya modeli, usiridhike na kutazama umbo.

Mtego huohuo upo kwenye iPad Pro, na huko unauma zaidi. Pro za 2018 na 2020 zina Taipu C ya gigabiti 10, kioo safi, bado zina nguvu, na zikija zilizotumika bei yake inavutia. Ila kwenye monita ya nje zinatoa nakala tu. Pro ya 2021 yenye M1, inayofanana nayo kwa sura, ina Thunderbolt ya gigabiti 40 na meza ya pili. Kwa mtu wa doki, Air ya M1 ni ununuzi bora kuliko Pro ya 2020, hata kama muuzaji atakuapia kwamba Pro ni Pro.

Jambo moja zuri kuhusu Air na Pro ni kibodi ya Apple yenye bawaba, Magic Keyboard. Ina tundu lake la Taipu C ubavuni. Tundu hilo ni la chaji tu, ukichomeka flashi haitasomeka, lakini linamaanisha chaji inaingilia kwenye kibodi na tundu la kishikwambi linabaki huru kwa hab. Ukitumia hab ndogo ya bei rahisi isiyopitisha chaji, hilo linakuokoa. Kibodi yenyewe ni ghali mno. Nimeitaja kwa yule ambaye tayari anayo na hajui.

Samsung: herufi ndiyo inayoamua

Kwa Samsung mambo ni rahisi kidogo, mradi usome herufi. Tab A ni za nyumbani. Tab S zenye namba peke yake, au zenye Plus na Ultra, ni za kazi. Tab S zenye FE au Lite zimevaa jina la kazi lakini tundu lao ni la nyumbani.

Tab A9+ ya 2023 ni mfano mzuri. Kioo kikubwa, tundu la hedifoni, nafasi ya memori kadi ya hadi TB 1, na ina hata DeX, ule muonekano wa Samsung unaogeuza kishikwambi kiwe na madirisha kama kompyuta. Mteja akiona DeX anajua amepata kompyuta ya mezani. Lakini DeX hiyo inabaki kwenye kioo chake. Tundu ni USB 2.0 na picha haitoki. Tab S9 FE ni hivyohivyo, ingawa kwenye boksi kuna S9 imeandikwa kwa herufi kubwa. Tab S6 Lite, ambayo imeuzwa sana hapa mjini, nayo haitoi picha.

Tab S7, S8 na S9 zenyewe zinatoa picha, zina USB 3.2 ya gigabiti 5, na DeX yao inahamia kwenye monita huku kioo cha kishikwambi kikibaki na kazi nyingine. S8 na S9 zinapokea chaji ya wati 45. Na zote tatu bado zina nafasi ya memori kadi, kitu ambacho hakuna iPad yoyote inacho. Mpiga picha anayetoa kadi kwenye kamera au droni na kuisoma papo hapo bila hab atalielewa hili haraka. Kisichokuwepo kwenye Tab hizo ni tundu la hedifoni.

Kwa maoni yangu, kwa mtu wa Android anayetaka doki, Tab S8 iliyotumika na iliyo safi inaishinda Tab S9 FE mpya iliyofungwa kwenye karatasi yake. Najua hiyo ni ngumu kumeza ukiwa umesimama mbele ya kabati la vioo na ile mpya inang'aa. Ila ukiangalia betri ya iliyotumika, ukaichomeka kwenye monita na ikatoa picha, umenunua kitu ambacho ile mpya haitaweza kukifanya kamwe.

Vishikwambi vya bei ya chini, na vile vya walimu

Hapa sitakaa sana. Vishikwambi vya bei ya chini, pamoja na vingi vya kazi za serikali kama vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na baadaye kugawiwa walimu, usivinunulie doki yenye HDMI kwa matumaini. Kibodi, kipanya na flashi ndogo vinakubali kwa adapta ya OTG (kiunganishi cha kuchomekea USB kwenye tundu la chaji) ya bei ya kawaida. Ukitaka kufundishia kwa televisheni au projekta, tumia njia ya hewani: televisheni nyingi za kisasa zinapokea picha kwa Miracast au Chromecast, na projekta ya zamani unaweza kuichomekea kipokezi kidogo cha HDMI. Jaribu kwanza kwa kifaa cha kuazima, kwa sababu si kila kishikwambi kina Miracast, na picha ya hewani huchelewa kidogo, jambo linaloudhi kwenye video.

Surface na wenzake wa Windows

Kama kazi yako ni ya ofisi kwelikweli, yaani Excel nzito, programu ya mahasibu na printa yenye draiva yake (programu inayoiendesha), ningekusogeza upande huu mapema. Hivi ni vishikwambi kwa umbo, kompyuta kwa tabia. Doki kwao ni jambo la kuzaliwa nalo.

Surface Pro nyingi za Microsoft tangu Pro 3 ya 2014 zina tundu bapa la sumaku linaloitwa Surface Connect. Unalisogezea waya karibu, linadaka lenyewe. Linapitisha chaji, data na picha, na mtoto akijikwaa kwenye waya linaachia bila kukivuta kishikwambi chini. Doki zake rasmi ni nzuri na zinadumu. Kasoro yake iko kwenye picha: doki ya kwanza ina Mini DisplayPort mbili na haina HDMI hata moja, na Surface Dock 2 ya 2020 inatoa picha kwa Taipu C, nayo bila HDMI. Ukinunua doki hizi, weka bajeti ya waya wa kugeuza, la sivyo utarudi nyumbani na doki nzito isiyoweza kuongea na monita yako.

Kati ya zilizotumika, tofauti ya kizazi kimoja ni kubwa. Surface Pro 4 ya 2015, Pro ya 2017 na Pro 6 ya 2018 zina USB ya kawaida moja, Mini DisplayPort na memori kadi, lakini hazina Taipu C kabisa. Hab zote zile nzuri za Taipu C zinazojaa madukani hazikuhusu. Unategemea Surface Connect. Pro 7 ya 2019 ikaiondoa Mini DisplayPort na kuweka Taipu C inayotoa picha, data na kupokea chaji, huku USB ya kawaida ikibaki. Kwangu hiyo ndiyo yenye uwiano mzuri kuliko zote kwa bei ya zilizotumika: flashi ya mteja unachomeka moja kwa moja bila adapta, hab ya Taipu C inakubali, Surface Connect ipo, memori kadi ipo. Pro 8 ya 2021 ikaenda kwenye Thunderbolt 4 mbili na kuondoa USB ya kawaida na memori kadi. Ina kasi zaidi, ila bila hab mfukoni hata flashi ya mteja hupokei.

Kuna sababu ya pili ya kuikwepa Pro 4 na ile ya 2017. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na hizo mbili hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Pro 6 na Pro 7 zimo.

Kuhusu zile mpya zenye chipu za Snapdragon, kama Pro 11 ya 2024: tundu zake ni nzuri sana, betri inakaa, lakini draiva lazima iwe imeandikwa kwa ajili ya ARM, aina ya chipu hizo. Printa ya zamani au kifaa chenye draiva ya miaka mingi iliyopita kinaweza kugoma moja kwa moja. Mwenye stoo ya vifaa vya zamani achukue ya Intel.

Kuna pia vishikwambi vya Windows vya Dell, HP na Lenovo vinavyoingia nchini vikiwa vimetumika maofisini Ulaya. Dell Latitude 5290 ya kutenganika, kwa mfano, ina Taipu C mbili na USB ya kawaida moja. Si vya kuvutia macho, ni vizito, lakini vimetengenezwa kwa ajili ya doki. Watu wanavipita wakikimbilia Surface.

Doki yenyewe: hab ndogo, doki ya mezani, na ile inayodanganya

Hab ndogo ya matundu matano au sita inawatosha wengi. Angalia vitu vitatu tu: iwe na tundu la kupitisha chaji, HDMI yake iwe imeandikwa 4K kwa 60 na siyo 30 kama kishikwambi chako kinaweza, na iwe na waya mfupi wa kuning'inia. Zile zisizo na waya, zinazobana moja kwa moja ubavuni, zinapendeza kwenye picha. Kwa matumizi ya kila siku uzito wake wote unaegemea sistimu chaji, yaani tundu la chaji na kibao chake cha ndani, na fundi atakwambia kwamba tundu kulegea ni moja ya kazi anazozipata zaidi.

Doki kubwa za mezani zilizotumika zipo nyingi mjini, hasa za Dell, na zinauzwa kama bidhaa moja wakati ni tatu. WD15 ni ya Taipu C ya kawaida, ina HDMI, VGA na tundu la mtandao. Hii inakubaliana na vishikwambi vingi vinavyotoa picha, na VGA yake inapatana na projekta za zamani zilizojaa kwenye kumbi zetu. TB16 ni ya Thunderbolt. Ukiichomeka kwenye Tab S8 au iPad Air usitegemee kitu. D6000 inatumia DisplayLink, teknolojia inayopitisha picha kama data ya kawaida na kuigeuza ndani ya doki. Kwenye Windows unafunga draiva na mambo yanaenda. Kwenye Android kuna programu yake, na hapa ndipo hata kishikwambi kisichotoa picha kinaweza kupata nakala kwenye monita, japo kwa kujikongoja. Kwenye iPad hupati picha. Geuza doki usome namba ya modeli chini yake; usikubali "zote ni sawa tu hizo, kaka".

Waya nao una maneno yake. Waya wa Taipu C uliokuja na chaja mara nyingi ni wa umeme na USB 2.0 pekee. Hata waya wa chaji unaokuja na iPad Pro haupitishi picha ya DisplayPort. Kama monita yako ina Taipu C na unataka kuruka hab kabisa, nunua waya ulioandikwa wazi kwamba unabeba video.

Umeme wa mjini kwetu

Wanaoandika kuhusu doki kutoka nchi zenye umeme usiokatika hawaligusi hili. Hab inayopitisha chaji hujadiliana na chaja kila inapochomekwa: nipe volti kadhaa, nichukue wati kadhaa. Umeme ukikatika au kushtuka, hab nyingi hujizima nukta moja na kuanza upya, na diski iliyounganishwa inajikuta imechomolewa bila kuagwa. Kama ulikuwa unakopi, faili inaweza kuharibika. Ukiwa Sinza au Mbagala na umeme unachezacheza, kopi kwanza kwa betri ya kishikwambi bila chaja, halafu ndipo uchaji. Au chomeka kwenye hab pawabenki ya PD (Power Delivery, mfumo wa chaji wa Taipu C) badala ya chaja ya ukutani. Hab haijali umeme unatoka TANESCO au kwenye pawabenki.

Doki kubwa zenye adapta yake ukutani hazina ujanja huo. Umeme ukienda zinalala na kila kilichomo. Pia, hab yenyewe hula sehemu ya chaja. Ukiweka chaja ya wati 20 kwenye hab, kinachofika kwenye kishikwambi kikubwa chenye monita na diski ni kidogo sana, na jioni utashangaa betri imeshuka ilhali kilikuwa kwenye chaji mchana kutwa. Kwa iPad Air au Tab S, chaja ya wati 45 kwenda juu. Kwa Surface kupitia Taipu C, 65.

Diski za zamani zenye sahani inayozunguka zina njaa. USB 2.0 kwa kanuni inatoa miliamp 500, na diski nyingi zinataka zaidi ya hapo wakati wa kuanza kuzunguka. Ukisikia tik, tik, tik na hakuna kinachotokea, diski inaomba umeme. Tumia SSD au hab yenye chaja. Na kama diski itahama kutoka kwa mtu wa iPad kwenda kwa mtu wa Android na kurudi, kumbuka kuifomati: muundo wa FAT32 unasomeka karibu kila mahali lakini haupokei faili inayozidi GB 4. ExFAT ndiyo salama zaidi kwa video, mradi kishikwambi chako cha Android kinaikubali.

Kwa kazi ya duka

Skana ya bakodi inajitambulisha kama kibodi, hivyo inafanya kazi kwenye kishikwambi chochote kilichotajwa hapo juu, hata cha bei ya chini kabisa. Printa ya risiti ndiyo yenye kisirani. (Sizungumzii mashine ya EFD ya risiti za kodi, ile ina utaratibu wake na TRA.) iPad haina nafasi ya kufunga draiva ya printa, inategemea AirPrint au programu ya mauzo iliyoandikwa ikijua printa yako. Android ina uhuru zaidi, zipo programu zinazoongea na printa za USB moja kwa moja. Windows haina mjadala. Kwa duka la kawaida, Tab A9+ na printa ya Bluetooth vinatosha, hela ya doki uiache mfukoni. Duka likiwa na kaunta mbili na printa ya jikoni, chukua printa zenye tundu la mtandao, hapo kishikwambi kitazifikia kupitia raouta na suala la tundu linaisha.

Intaneti ya waya, kwa wale wenye faiba ofisini: adapta za mtandao za USB zinakubalika kwenye iPad, Android na Windows. Hata kwenye USB 2.0, megabiti 480 ni nyingi kuliko vifurushi vingi vya faiba unavyolipia.

Ukienda kununua, beba kwenye begi waya wako wa HDMI na hab unayoiamini. Maduka mengi ya Kariakoo na Samora yana televisheni ukutani. Omba uchomeke hapohapo, kisha fungua programu mbili uone kama monita inakuwa meza ya pili au ni nakala. Kwa iliyotumika, chomeka waya upande mmoja, kisha ugeuze upande wa pili: Taipu C iliyochakaa mara nyingi inakubali upande mmoja tu. Tikisa kidogo. Picha ikikatika kwa kutikiswa, bei ishuke kwa gharama ya sistimu chaji nzima au uondoke. Na doki ya Dell inayouzwa bila adapta yake ya umeme, ulizia kwanza adapta hiyo inapatikana wapi na kwa shilingi ngapi, kwa sababu bila hiyo WD15 haitawaka.